Pombe na kujiua katika jamii za asili za Kaskazini: maumivu yanatoka wapi, na mlezi afanye nini

Ukurasa huu unazungumzia ulevi na kujiua. Kama umefiwa kwa njia hii, au wewe mwenyewe unapita katika wakati mgumu, soma polepole, na ikiwezekana soma ukiwa na mtu unayemwamini.

Kama kuna hatari sasa hivi

Kama mtu anasema anataka kufa, au unahofia atajidhuru leo:

- Usimwache peke yake, hata kwa muda mfupi.
- Ondoa karibu naye silaha, dawa na sumu za shambani. Ondoa pombe pia.
- Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au muite mtu mzima mwingine akusaidie kumpeleka.
- Ukiwa Kanada au Marekani, piga 988 saa yoyote, mchana au usiku. Tanzania na Kenya, simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116, na mzazi au mlezi pia anaweza kuipiga.

Kwa ufupi

- Katika baadhi ya jamii za asili za Kaskazini ya mbali, vijana wengi hufa kwa kujiua, na mara nyingi pombe huhusika.
- Chanzo si damu yao, wala giza la majira ya baridi, wala udhaifu wa moyo.
- Chanzo kikubwa ni vifungo vilivyokatwa: mtoto na mzazi, kijana na lugha yake, mwanamume na kazi iliyompa heshima. Maumivu hayo hupita kutoka kizazi hadi kizazi.
- Kilichokatwa kinaweza kuungwa tena. Kujiua kunazuilika, na walezi wana sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Tunaowazungumzia ni nani?

Kaskazini kabisa ya dunia, kwenye nchi za barafu zinazoitwa Aktiki, wanaishi watu wa asili wa makabila mengi. Wainuiti wako Kanada, Greenland na Alaska. Alaska wako pia Wayupik na wengine. Wasami wako Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Siberia wako Wanenets, Wachukchi na wengine wengi. Wengi wao walikuwa wawindaji, wavuvi au wafugaji waliohamahama kwa familia, na kila familia ilimlea mtoto katika lugha na kazi zake.

Hapa tutawatazama zaidi Wainuiti wa Kanada na Greenland, kwa sababu hali yao imechunguzwa kwa makini na kwa miaka mingi. Jimbo la Nunavut, nchi ya Wainuiti iliyopata serikali yake tarehe 1 Aprili 1999, lilikuwa na watu wapatao 37,000 kwa sensa ya mwaka 2021, katika vijiji na miji midogo 25. Hakuna barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine. Mtu husafiri kwa ndege, kwa boti wakati wa kiangazi, au juu ya theluji.

Tatizo ni kubwa kiasi gani, na lilianza lini?

Mwaka 2016, Inuit Tapiriit Kanatami, chama cha kitaifa cha Wainuiti wa Kanada, kilitoa mkakati wake wa kuzuia kujiua. Kilieleza kuwa katika mikoa minne ya Wainuiti, watu hufa kwa kujiua mara 5 hadi 25 zaidi ya wastani wa Kanada nzima. Wanaokufa zaidi ni vijana, hasa wa kiume.

Jambo la kushika hapa ni kwamba haikuwa hivi zamani. Greenland, kati ya mwaka 1900 na 1930, kwa kila watu 100,000 walikufa kwa kujiua watu 3 hivi kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamepita 100. Alaska idadi ilianza kupanda miaka ya 1960, Greenland ikafuata miaka ya 1970, na mashariki ya Aktiki ya Kanada ikaja baadaye. Kila mahali ilipanda pale watoto wa kizazi cha kwanza kilichokulia mijini, chini ya sheria na shule za wageni, walipofikia ujana.

Tatizo lenye mwanzo lina sababu. Na lenye sababu linaweza kutibiwa.

Sababu zinazotajwa sana lakini si za kweli

"Ni damu yao, hawawezi pombe." Watu wengi wanaamini hivyo, na hata baadhi ya watu wa asili wenyewe wamelishwa imani hiyo. Utafiti haujaonyesha kuwa watu hawa wana mwili wa pekee unaowafanya walevi. Nchini Kanada imeonekana kuwa Wainuiti wasiokunywa pombe kabisa ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Tatizo liko kwa wale wanaokunywa: wengi hunywa nyingi kwa mkupuo mmoja, hadi kulewa chakari. Uraibu unaweza kufuata ukoo katika familia yoyote duniani, lakini haufuati kabila.

"Ni giza na baridi." Ni kweli kwamba katika sehemu hizo jua halichomozi kwa wiki nyingi wakati wa baridi. Lakini utafiti wa vifo vya Greenland vya mwaka 1968 hadi 2002 ulionyesha kuwa watu walijiua zaidi wakati wa kiangazi, ambapo jua halizami na watu hukosa usingizi. Wasami nao wanaishi katika giza na baridi hiyohiyo, na huko Norwei tofauti kati yao na majirani zao ni ndogo tu.

"Ni udhaifu." Watu hawa waliishi maelfu ya miaka katika baridi inayoweza kumuua mtu kwa saa chache. Kuwaita dhaifu ni kutojua historia yao.

Vifungo vilikatwaje?

Kati ya miaka ya 1940 na 1970 mambo mengi yaliwapata Wainuiti ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Watoto walipelekwa bweni. Nchini Kanada, watoto wapatao 150,000 wa jamii za asili walipitia shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa na serikali. Wengi walikatazwa kusema lugha zao. Wengi walipigwa, na wengine walinajisiwa. Serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2008, na tume ya ukweli ikatoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2015. Watoto wa Wasami na wa makabila ya Siberia nao walipelekwa shule za bweni zilizofuta lugha ya nyumbani.

Wagonjwa walichukuliwa bila kuaga. Kifua kikuu kilipoenea, meli ilikuja, watu wakapimwa, na waliokutwa na ugonjwa walisafirishwa kusini. Katikati ya miaka ya 1950, karibu Muinuiti mmoja kati ya saba alikuwa katika hospitali za kusini. Wengine walifia huko, na familia zao hazikuambiwa wamezikwa wapi. Serikali iliomba radhi kwa hilo mwaka 2019.

Familia zilihamishwa. Mwaka 1953 na 1955, familia kadhaa zilitolewa kaskazini mwa Quebec na kupelekwa mbali zaidi kaskazini, Resolute na Grise Fiord, mahali wasipopajua. Familia nyingine ziliacha kambi zao za uwindaji na kuhamia mijini ili wasitenganishwe na watoto waliotakiwa shuleni. Mbwa wao wa kuvuta sleji waliuawa kwa wingi, wengi kwa risasi za polisi. Mwanamume asiye na mbwa hakuweza kufika kwenye mawindo. Alibaki mjini, akitegemea msaada.

Majina yaliguswa. Kwa Wainuiti, mtoto hupewa jina la marehemu, na jamaa humheshimu kama wanavyomheshimu aliyeondoka. Jina humwambia mtoto yeye ni wa nani. Wengi wetu tunaompa mtoto jina la bibi au babu tunalielewa hilo. Lakini serikali ya Kanada iliona majina hayo ni magumu kuandika, na tangu miaka ya 1940 kila mtu alipewa namba kwenye kisahani kidogo cha kuvaa. Namba hizo zilitumika hadi miaka ya 1970.

Greenland nayo ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1951, watoto 22 walichukuliwa na kupelekwa Denmark ili wafundishwe kuwa Wadenmark. Waliorudi hawakuwekwa kwao bali katika nyumba ya watoto, na wengi walikuwa wamesahau lugha ya mama zao. Denmark iliomba radhi mwaka 2020.

Maumivu hayo huingiaje moyoni?

Historia haimuui mtu moja kwa moja. Inapitia nyumbani, katika malezi na katika mawazo ya mtu kuhusu nafsi yake. Wataalamu wa afya ya akili wanataja njia hizi:

1. Mtoto asiyetulizwa. Mtoto mchanga hajui kujituliza. Hujifunza kwa kubebwa, kubembelezwa na kusikilizwa na mtu yuleyule kila siku. Aliyekulia bwenini kwa viboko hakupata fundisho hilo, na anapozaa, anaweza kumpenda mwanawe sana bila kujua amtulizeje. Mtoto akilia, mzazi hukasirika, hunyamaza au huondoka. Hapo maumivu yamevuka kizazi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliwaangalia watu waliopitia mateso ya aina nne au zaidi utotoni, kama kupigwa, kunajisiwa, au kuishi na mlevi. Hatari yao ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ya wale ambao hawakupitia lolote.

2. Huzuni isiyoliliwa. Msiba unahitaji matanga, kaburi na watu wa kukaa nawe. Aliyeondoka kwa meli na hakurudi hana kaburi. Maria Yellow Horse Brave Heart, mtaalamu wa ustawi wa jamii kutoka kabila la Walakota wa Marekani, alieleza kuwa huzuni ya namna hii hujirundika katika jamii nzima na kurithiwa na watoto, hata wale ambao hawakuona tukio lenyewe.

3. Aibu. Mtoto anayeambiwa kila siku kuwa lugha yake ni ya kishenzi na wazazi wake ni wajinga, mwishowe anaamini. Anakua akijiona hafai kwa wageni na hafai kwao. Aibu ni tofauti na kosa. Kosa husema "nimefanya vibaya". Aibu husema "mimi ni mbaya". Mtu mwenye aibu hii haombi msaada, kwa kuwa anaona hastahili.

4. Kukosa kazi yenye heshima. Mvulana wa zamani alijua akikua atakuwa nani: mtu anayeleta nyama ya sili au samaki nyumbani na kuwagawia wazee. Siku hizi vifaa vya uwindaji ni ghali na ajira ni chache. Hili ni sehemu ya sababu ya vijana wa kiume kuumia zaidi.

5. Msiba juu ya msiba. Katika mji wa watu mia chache kila mtu anamjua kila mtu. Kijana mmoja akijiua, darasa zima limefiwa. Kabla ya kutulia, mwingine anafuata. Kijana anaanza kuona kujiua kama njia ya kawaida ya kumaliza maumivu. Hatari hii ya kuambukizana mawazo ni ya kweli, hasa kwa vijana.

6. Nyumba zilizojaa. Nyumba ni chache, na familia nyingi hulala watu kadhaa chumba kimoja. Kijana hana pa kulia peke yake, na mtoto hana pa kukimbilia ugomvi ukianza.

Je, hayo yamethibitishwa? Huko Nunavut, watafiti walichunguza maisha ya watu 120 waliokufa kwa kujiua kati ya mwaka 2003 na 2006, wakawalinganisha na watu 120 wengine wa umri uleule, jinsia ileile na kutoka miji ileile. Wote walikulia katika baridi hiyo na giza hilo. Tofauti ilikuwa hapa: waliokufa walikuwa wamepata zaidi mateso ya utotoni, sonona, na utegemezi wa pombe au dawa za kulevya. Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na una tiba.

Pombe inaingia wapi?

Kwa mtu mwenye maumivu, pombe hufanya kazi ya dawa mbaya. Saa ya kwanza hupunguza hofu na aibu, na mtu asiyeweza kusema hapo sasa anasema. Ndiyo maana anairudia. Lakini kadiri siku zinavyopita:

- Pombe huzidisha sonona na kuharibu usingizi. Asubuhi maumivu ni makubwa kuliko ya jana.
- Mwili huizoea, na mtu huhitaji nyingi zaidi ili kupata nafuu ileile.
- Mambo anayofanya akiwa amelewa humwongezea aibu, na aibu humrudisha kwenye chupa.
- Pombe huondoa breki. Wazo la kufa ambalo mtu mzima wa akili angelishinda hadi asubuhi linaweza kuwa tendo ndani ya dakika chache, hasa baada ya ugomvi au kuachwa na mpenzi.
- Watoto wanaomwona mzazi amelewa wanapata majeraha yaleyale yaliyomfanya yeye anywe.

Basi pombe ni tawi na mzizi kwa pamoja: inatokana na maumivu, kisha inazaa mengine. Kumgombeza mlevi bila kugusa maumivu yake hakusaidii. Kushughulikia maumivu huku pombe inaendelea kumiminika nako hakutoshi.

Kwa mama mjamzito: hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Pombe inaweza kuudhuru ubongo wake kwa maisha yote. Kama unakunywa na huwezi kuacha, mwambie mkunga au mhudumu wa afya mapema. Hujachelewa, kwani kila siku bila pombe humsaidia mtoto.

Nini kinawalinda watu?

Hapa ndipo kuna tumaini, na si la maneno matupu.

Mwaka 1998, watafiti Michael Chandler na Christopher Lalonde walichapisha uchunguzi wa karibu jamii 200 za asili katika jimbo la British Columbia, Kanada. Waligundua kuwa zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika miaka waliyochunguza, huku chache zikiwa na vifo vingi mno. Jamii zilizosimamia zenyewe shule, afya, ardhi, usalama na mambo ya utamaduni zilikuwa na vifo vichache. Zilizokuwa na mambo yote sita waliyoyapima hazikuwa na kifo cha kijana hata kimoja.

Hata hivyo, kujitawala peke yake si dawa ya kila kitu. Greenland ina serikali yake ya ndani tangu mwaka 1979, lakini bado inapoteza vijana wengi. Majeraha ya nyumbani yanahitaji kutibiwa nyumbani pia.

Ndiyo maana Wainuiti wenyewe wameanzisha kazi zinazoanzia kwa mtoto. Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, kuna mafunzo ya wazazi yanayoitwa Inunnguiniq. Neno hilo la Kiinuiti lina maana ya kumfanya mtoto awe mtu. Sisi tungesema kumlea awe na utu. Wazazi hujifunza kutoka kwa wazee namna ya kumtuliza mtoto, kumfundisha bila kumdhalilisha, na kumpa kazi ndogo zinazomfanya ajione ana faida.

Katika mji wa Clyde River, chama cha wenyeji kiitwacho Ilisaqsivik kina washauri nasaha wa Kiinuiti na safari za kwenda porini, ambako vijana huwinda, hupika na huzungumza na wazee. Alaska, Wayupik wana mpango uitwao Qungasvik, ambapo wazee huwaongoza vijana wa miaka 12 hadi 18 katika shughuli zinazowapa sababu za kuishi na za kutokunywa. Pia tangu mwaka 1981, sheria ya Alaska inaruhusu vijiji kupiga kura kukataza pombe, na vijiji vingi vimefanya hivyo.

Kote huko kijana hupewa mtu mzima wa kumwamini, kazi yenye maana, na jibu la swali "mimi ni wa nani?"

Dalili za kuangalia nyumbani

Zifuatazo ni dalili za hatari kwa kijana au mtu mzima popote alipo:

- Anasema anataka kufa, au "mngekuwa na raha bila mimi", au "hakuna kesho".
- Anajitenga na watu, anaacha vitu alivyovipenda.
- Usingizi na hamu ya kula vimebadilika kwa zaidi ya wiki mbili.
- Anaanza kunywa au anazidisha, hasa anakunywa peke yake.
- Anagawa vitu vyake vya thamani au anaaga watu bila safari.
- Ghafla anakuwa mtulivu mno baada ya kipindi cha mateso makubwa.
- Amefiwa na mtu aliyejiua, ameachwa, ameaibishwa mbele za watu, au amewahi kujaribu kujiua.

Dalili moja haithibitishi jambo. Zikiwa kadhaa pamoja, usisubiri.

Mlezi afanye nini?

Uliza wazi. Watu wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo. Si kweli. Kuuliza kwa upole humpa nafasi ya kupumua. Unaweza kusema: "Mwanangu, naona siku hizi umebeba mzigo. Je, umewahi kufikiria kufa?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Usibishane na maumivu yake. Maneno kama "wenzako wana shida kuliko wewe", "ni dhambi" au "unatutia aibu" humfunga mdomo. Sema: "Asante kwa kuniambia. Sitakuacha. Tutatafuta msaada pamoja."

Usiahidi kuficha siri ya hatari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie kwa upole kuwa utamshirikisha mtu mmoja anayeweza kusaidia, na mchague pamoja huyo mtu.

Weka vitu vya hatari chini ya kufuli. Msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi. Aliyekosa njia ya karibu kwa saa hizo chache huenda akaishi, na wengi wanaookolewa hawafi kwa kujiua baadaye.

Zungumza kuhusu pombe akiwa hajalewa. Mwambie unachokiona na unachokihofia, bila matusi. Kama anakunywa sana kila siku, asiache ghafla peke yake. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Aache akisimamiwa na mhudumu wa afya.

Tuliza mtoto mdogo leo. Mbebe anapolia. Mwite kwa jina lake. Msimulie ametoka ukoo gani na jina lake lilikuwa la nani. Ongea naye lugha ya nyumbani, hata kama shuleni anasoma nyingine. Mambo haya hayana gharama, nayo ni kinga ya kweli.

Mpe kijana kazi inayoonekana. Kazi ya kusaidia wengine, siyo adhabu: kumsomea bibi barua, kutengeneza kitu kilichoharibika, kumfundisha mdogo wake. Kisha mshukuru mbele ya watu.

Kama amekufa tayari

Familia iliyofiwa kwa njia hii haistahili kutengwa. Nendeni matangani kama msiba mwingine wowote. Msimlaumu mama yake. Kifo cha kujiua hakina sababu moja, na mara nyingi mlezi alifanya yote aliyoyajua.

Waambie watoto ukweli kwa maneno machache: alikuwa na ugonjwa wa huzuni, akafa kwa kujiua, na si kosa lako. Msieleze namna alivyokufa, wala msimsifu kana kwamba amepata pumziko jema. Kwa miezi kadhaa, waangalieni kwa karibu rafiki zake na ndugu zake.

Na wewe mlezi?

Pengine umesoma sehemu ya malezi ukajiona humo: ulipigwa, hukubembelezwa, na sasa unawapigia kelele wanao. Methali husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usiifanye fimbo ya kujichapa. Wazazi wengi wa Kiinuiti waliorudi kutoka bwenini walianza kujifunza malezi wakiwa tayari na watoto wakubwa, wengine wakiwa na wajukuu. Kumwambia mtoto "jana nilikukosea, nisamehe" ni malezi pia.

Mkono mmoja haulei mwana. Tafuta dada, jirani, mkunga au kikundi cha akina mama wa kusema nao ukweli. Kama unakunywa ili ulale, au umewahi kutamani usiamke, mwambie mtu leo. Wewe pia unastahili kutulizwa.

Kumbuka

- Kujiua kunazuilika. Ulevi na sonona vina tiba.
- Kuuliza wazi hakumdhuru mtu.
- Maumivu hupita kutoka mzazi hadi mtoto, na faraja hupita kwa njia hiyohiyo.